Mnyoo Bapa Haondoki kwa Kuambiwa

Mnyoo bapa hana mfupa, hana pafu, na katika koo zake nyingi hata njia ya haja hana: kilichoingia kwa mdomo hutokea kwa mdomo uleule. Kwa maumbile ya kimaskini hivyo, mtu angedhani kumfukuza ni kazi ya asubuhi moja. Wanaofuga samaki wa baharini ndani ya vioo, huko Ulaya na Marekani, wamegundua sivyo. Mfugaji hununua tumbawe moja la kupendeza, na baada ya muda kioo kizima kimejaa vidoa vya rangi ya kutu. Akivifyonza kwa mpira, vinarudi. Akileta samaki wa kuvila, samaki huyo anapendelea chakula cha dukani. Mwishowe humwaga dawa, minyoo hufa kwa pamoja, na sumu iliyotoka miilini mwao huua samaki waliokuwa wakiokolewa. Ajabu ni kwamba wataalamu wa viumbe wamekwisha kuwatoa minyoo hao wa rangi ya kutu katika ukoo wa minyoo bapa. Wenyewe hawakupewa taarifa, wanaendelea na shughuli.

Dawa mojawapo wanayoisifu wafugaji hao ni levamisole. Tinde, pale barabara ya kutoka Nzega inapogawanyika, moja kwenda Shinyanga na nyingine Kahama, dawa hiyo si ngeni: ni ya minyoo ya mifugo, na mbuzi wa Usukuma hunyweshwa huku wamebanwa pembe. Njia ya bei nafuu zaidi ni kulichovya tumbawe katika maji yasiyo na chumvi, ambayo minyoo wa baharini hawayastahimili. Kwa hesabu hiyo Tinde, iliyo mamia ya kilomita kutoka pwani, imekwisha kushinda vita hivyo bila kupigana. Bahati mbaya, mnyoo bapa wa Tinde ni wa aina nyingine. Huyu maji ya chumvi ndiyo yangemmaliza, na lambo halina chumvi.

Ni mnyoo wa kichocho. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimwona Cairo mwaka 1851, na tangu hapo kinachowashangaza wasomi zaidi ni maisha yake ya ndoa. Dume lina urefu wa kama sentimita moja, na mwili wake umekunjika kuwa mfereji ambamo jike huingia na kukaa. Hutulia hivyo ndani ya mishipa ya damu ya binadamu miaka mitatu hadi mitano, na wapo waliopita 20, bila kugombana na bila ng'ombe hata mmoja wa mahari. Kazi yao ni mayai. Mayai mengine hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hunasa mwilini, na hayo ndiyo yanayoharibu kibofu. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, kimeenea zaidi kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na choo kikubwa.

Yai likifika majini huangua kijidudu kinachomtafuta konokono. Kikimpata, hukaa ndani yake wiki kadhaa na kuzaana, kisha konokono huanza kumwaga watoto wenye mkia wa panda, maelfu kwa siku, wanaopenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Wale wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani mchana, saa zilezile wavulana wanapofika lamboni kuogelea. Lau kama ratiba hiyo ingepangwa na kamati, isingepatana vizuri namna hiyo.

Wa kuondolewa basi ni wawili: mnyoo aliye ndani ya mtu na konokono aliye ndani ya maji. Konokono ana dawa yake, niklosamaidi, ila inaua na samaki, na anayeimwaga katika lambo lenye kambale ajiandae kwa maswali ya wavuaji. Kusubiri kiangazi kikaushe maji hakusaidii sana, maana konokono wa madimbwi ya Usukuma hujifukia topeni na kulala miezi, kisha mvua za kwanza humkuta mzima na ana njaa.

Mtu naye lazima kwanza akiri kwamba anaumwa. Sehemu nyingi za Afrika mvulana akikojoa damu ilihesabiwa kuwa dalili ya kubalehe, jambo la kutambia wenzake. Watafiti waliofanya kazi Kilosa mwishoni mwa miaka ya 1980 walifaidika na uwazi huo: walimu waliwauliza wanafunzi kama wanakojoa damu, na majibu yakaonyesha vizuri shule zipi zimeathirika zaidi, kwa gharama ndogo kuliko kupita na hadubini.

Tiba yenyewe imeendelea. Mwaka 1918, Khartoum, J. B. Christopherson alionyesha kwamba sindano za antimoni zinamwua mnyoo huyu. Zilikuwa nyingi, na zilimtesa mgonjwa pia. Prazikwanteli iliyogunduliwa miaka ya 1970 ni ya kumeza, 40 mg kwa kila kilo ya uzito. Siku ya kingatiba shuleni mizani huachwa, hutumika fimbo yenye alama: urefu wa mtoto ndio unaotaja idadi ya vidonge. Hapo mtoto aliyejinyoosha muhula mzima ili achaguliwe kuwa golikipa huonekana amepinda magoti. Vidonge ni vikubwa na vichungu. Visipotanguliwa na chakula huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi waliosikia watoto wanaanguka walivamia shule kwa hasira. Tangu hapo sufuria ya uji imekuwa kifaa cha tiba kama vidonge vyenyewe.

Dawa hiyo haiwaui minyoo wachanga, na haimzuii mtu kurudi majini, kwa hiyo kingatiba hurudiwa. Bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, lililozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Shinyanga na Kahama, limewapunguzia watu wengi safari za lamboni; lakini bombani hakuogelewi, wala mpunga haupandwi. Wakulima wa majaruba hushauriwa kuvaa buti za mpira. Tope la mbuga lina desturi ya kubaki na buti moja, na anayemalizia kupanda na ile iliyosalia amekinga mguu mmoja.