Siku Moja Bila Lakini

Mdogo wangu alipotaka kuoa, wazee walinichukua kwenye msafara wa posa kwa masharti mawili: nibebe mkoba, na nisifungue mdomo. Mkoba niliubeba.

Mjomba wa binti alikuwa askari magereza mstaafu, mtu mwenye mabega kama kabati, na tena mzee wa kanisa kijijini kwao. Alijitambulisha kwa yote mawili ndani ya sentensi moja, gereza na kanisa, nami nikaona Mungu mwenyewe amenifungulia mlango. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kumbe maisha yake yote amefanya kazi sehemu moja tu. Maana "gereza" ni neno la Wareno, igreja, yaani kanisa. Wareno walipofurushwa Mombasa mwaka 1698, Waomani walishika pwani, na pale Unguja wakajenga ngome mahali palipokuwa na kikanisa cha Wareno. Ni ile tunayoiita Ngome Kongwe. Baadaye ikafungiwa watu. Waumini waliondoka, wafungwa wakaingia, jina likabaki mlangoni. Nikamwongezea na Fort Jesus, yenye jina takatifu vile, ambayo ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Nilitegemea acheke. Aliuliza tu, "Huyu ni nani kwa bwana harusi?" Akajibiwa kuwa ni kaka yake. Akauliza kama ni wa damu.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaona nipoze mambo kwa mzaha. Mshenga wetu alikuwa ametoka kutamka neno "hela", nikadakia kueleza kwamba hela ni Heller, kisarafu cha Wajerumani walichokileta huku mwaka 1904, mia moja ndipo upate rupia moja. Mjomba akamgeukia shangazi wa binti akasema taratibu, "Unasikia? Wametuletea visenti." Mahari ikapanda laki tatu pale pale. Nilijua laki imetoka wapi, na kwa mara ya kwanza siku ile nililimeza neno.

Huu ni ugonjwa, na nimeugua nao tangu utotoni. Siwezi kula pera bila kumwambia aliyenipa kwamba Wareno hilo jina wanalitumia kwa tunda jingine kabisa, la nchi za baridi, sisi tukaliazima na kuuvika mti wetu, ambao nao si wetu, umetoka Amerika. Siwezi kuchoma mahindi bila kuwasikitikia Wahindi, waliobebeshwa jina la nafaka iliyotoka Mexico. Nikiwa kwenye foleni, nikiwa msibani, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi na wembe uko shingoni, neno likipita mbele yangu lazima nilisimamishe nilidai kitambulisho.

Aliyechoka kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwapo siku ya posa. Jioni moja kijiweni kwetu Temeke, nikiwa katikati ya kueleza kuwa "sambusa" ni ya Waajemi, aliweka kikombe chini akasema, "Shemeji, wewe kila neno unalijua kwao. Haya, siku moja tu, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, ongea Kiswahili kisicho na mgeni hata mmoja. Ukiteleza neno moja, kahawa ya kijiwe kizima juu yako, wiki nzima."

Nikasema hiyo kazi ndogo. Kijiwe kikanitazama kama watu wanavyomtazama kuku anayejipeleka jikoni mwenyewe.

Mwamuzi akawa mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Lushoto, anayekuja kunywa kahawa na kamusi kwapani. Shemeji angenifuata siku nzima na daftari. Majina ya watu na ya mahali tukayasamehe. Siku tukachagua Jumamosi, kwa sababu mosi ni yetu, ingawa juma si yetu. (Wiki yetu, ukiitazama vizuri, ina siku mbili za tano zinazofuatana: Jumatano, tano ya Kibantu, halafu Alhamisi, tano ya Waarabu. Sisi tunahesabu tangu Jumamosi, wao tangu Jumapili, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.)

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilijitayarisha kwa hesabu. Moja hadi tano ni zetu, nane ni yetu, kumi ni yetu. Sita, saba na tisa ni za Waarabu. Ishirini, thelathini na kuendelea, zao. Mia yao, elfu yao. Maana yake ningeweza kununua vitu vitano au vinane kwa raha zangu, lakini kati ya hapo palikuwa na shimo. Mwalimu, kwa huruma, alinidokeza kuwa namba za zamani bado zipo: kenda ni tisa, tandatu ni sita, na saba ni fungate, na kwamba kwao Usambaani mpaka leo wanahesabu hivyo. Nikazikariri kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani.

Jua lilipochomoza nikaamka nikitaka chai. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba "chai" ni ya Wachina. Jina hilo lilisafiri kwa nchi kavu kupitia Uajemi na India hadi kutufikia. Waliolichukua Fujian kwa meli za Waholanzi ndio wanaosema "te" huko Ulaya. Yote haya niliyajua. Nisichokijua ni namna ya kupata kikombe chake. Nikamwambia mke wangu, "Nipe maji ya moto yenye majani." Alinitazama kidogo, akaenda uani. Akarudi na kikombe kinachofuka mvuke, nikapiga funda moja kubwa la kishujaa. Mwarobaini. Mti wenye kutibu maradhi arobaini ulinitibu na la arobaini na moja, la kujiamini. Nilitaka kuomba sukari nikakumbuka sukari ni ya Waarabu waliyoipokea kutoka India. Nikanywa yote. Shemeji akaandika kitu kwenye daftari, nadhani alikuwa anachora.

Mtoto wa jirani akapita. "Shikamoo, baba." Shikamoo ni yetu kabisa, nashika miguu yako, lakini "marahaba" imetoka Uarabuni. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na haki ya kuamkia watu na sikuwa na haki ya kuamkiwa. Nikamtazama tu mtoto nikitikisa kichwa. Akakimbia kwao akiwa analia, akasema baba wa pale amekataa salamu yake.

Mke wangu akanituma vitumbua saba. Mtu wa kawaida angesema vitano, halafu akaongeza viwili. Mimi nilikuwa na silaha mpya na ilikuwa inaniwasha. Nilipofika kwa mama wa vitumbua palikuwa na wanawake kama kumi wamezunguka jiko. Nikasimama wima, nikamkazia macho, nikasema kwa sauti ya mtu aliyekariri:

"Nipe fungate."

Jiko lenyewe lilinyamaza. Nimesahau kusema kwamba fungate, ile saba ya kale, leo imebaki mahali pamoja tu katika Kiswahili cha mjini: ni zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hufungiwa ndani. Mama wa vitumbua alishusha kijiko chake cha mafuta akasema, "Kaka, mimi nina mume." Mwingine nyuma akauliza, "Na mkewe anajua?" Nikatafuta neno la kujieleza. "Samahani": Kiarabu. "Maana yangu": Kiarabu. "Wallahi": usiseme. Nikanyoosha kidole kwenye vitumbua, nikaonyesha vidole vitano, kisha viwili, na ishara hiyo nayo, nilivyoiona kwenye nyuso zao, haikunisaidia. Shemeji alikuwa amekaa chini barabarani, daftari limefunika uso, mabega yakitikisika.

Tukapanda daladala kwenda Kariakoo, kwani nilidhani mbali na nyumbani ni salama zaidi. Jina la daladala lenyewe limetokana na dola, enzi ambazo sarafu ya shilingi tano iliitwa dala na kondakta akiimba "dala, dala" mlangoni. Na nauli mimi naipenda kuliko maneno yote: Waarabu waliipokea kwa Wayunani wa kale, walioiita naulon, malipo ya chombo. Wayunani hao walikuwa wakiweka sarafu mdomoni mwa maiti ili amlipe mvushaji wa kule kuzimu, maana hata huko hakuna kupanda bure. Nikamkabidhi kondakta noti ya elfu moja. Nauli mia sita. Hakurudisha chochote. Nikamgusa bega. "Nini?" akauliza. Nikataka kudai mia nne yangu bila kutaja mia. Nikasema, "Nipe kumi za kumi, nne." Akaniangalia, akamwangalia dereva, akasema, "Oya, shusha huyu mgonjwa."

Kwa bahati "shusha" ni neno letu, kwa hiyo hata nami niliweza kulisema.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza juu ya pesa. Pesa imetoka India. Fedha imetoka Uarabuni. Hela ya Mjerumani, shilingi ya Mwingereza. Majina manne, na hakuna hata moja tulilolipika wenyewe. Lakini kulipa ni kwetu. Njaa ni kwetu. Na kukopa, hilo tunalo tangu enzi za mababu, halikuletwa na jahazi lolote.

Habari zilikuwa zimefika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, na vile vitumbua saba vilikuwa mezani havijaguswa. (Meza ni ya Wareno. Hapakuwa mahali pa kulisema hilo.)

"Umemwambia nini yule mama?"

Wanandoa wataelewa nikisema kwamba kila jibu la mume huanza na neno moja. Nalo ni lakini. Lakini ni la Kiarabu. Nikajaribu kupita mlango wa nyuma: kwa sababu, hapana. Labda, hapana. Hata, ila, au, halafu, ama, wala, zote zina pasipoti ya kigeni. Ukiziondoa hizo, mtu hana uwezo wa kubisha. Anaweza kutaja vitu na kukubali, basi.

"Ndiyo, mke wangu," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo."

Akanyamaza kidogo. Sidhani kama katika ndoa yetu ya miaka kumi na moja aliwahi kupita hapo bila kukutana na lakini yangu imekaa katikati ya njia. Akajaribu tena, kwa tahadhari, kama mtu anayepima kina cha maji. Kwamba jiko linahitaji rangi. Ndiyo. Kwamba Jumapili twende kwa mama yake, tulale. Ndiyo, mke wangu. Kwamba lile kochi la kurithi kutoka kwa babu yangu litoke sebuleni. Shemeji aliacha kuandika akanitazama kwa huzuni ya kweli, mwanaume kwa mwanaume. Ndiyo. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepoteza kochi, Jumapili mbili na debe la rangi, na mke wangu alikuwa anaimba akiosha vyombo. Mpaka leo ananiuliza ni lini nitacheza tena ule mchezo wangu mzuri.

Jioni nikaenda kijiweni nikiwa sijaanguka. Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya paa la banda la mkaa. Watu wanane wamekaa, kahawa inazunguka, mimi kikombe nimekipokea kimya kimya kwa kuwa "asante" ni la Kiarabu. Hakuna aliyeniuliza swali gumu. Nilikuwa nimejipanga kwa maswali magumu. Mwalimu alikohoa, akageuza kikombe chake mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayejali:

"Vipi, umemaliza?"

"Bado," nikasema.

Kalamu ya shemeji ikagusa karatasi.

Nilicheka. Nikawaambia, sasa bila kujali, kwamba bado ni letu, ni la kwetu kama mwiko na chungu, hakuna Mswahili aliyewahi kungoja mgeni aje kumfundisha kusema bado. Mwalimu hakubishana. Alifungua kamusi. Hilo nalo lina kwao, nami nilishawahi kuwachosha nalo hapo hapo kijiweni: qamus kwa Kiarabu ilikuwa bahari kuu, iliyotoka kwa Wayunani, Okeanos, hadi bingwa mmoja wa lugha aitwaye Fairuzabadi akakiita kitabu chake cha maneno kwa jina hilo, na kila kitabu cha namna yake kikarithi. Mwalimu akapeleka kidole baharini humo, akakiweka mahali, akanigeuzia ukurasa.

Kiarabu. Baadu.

"Bado na baada ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Hukujua?"

Nilitaka kusema lakini. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kulisema, tena mara nyingi nipendavyo, na sikuwa na chochote cha kuweka nyuma yake. Jua likazama pale pale, kama lilikuwa linasubiri.

Muuza kahawa akaanza kupiga hesabu. Watu wanane, vikombe viwili viwili kila jioni, siku saba, pamoja na kashata, kwa kuwa kashata nazo ziliingizwa dakika ile kwa kura ya watu wote. Nikajipapasa mifukoni. Palikuwa na sarafu chache na kipande cha kitumbua. Nikamgeukia shemeji, nikamvuta pembeni, nikamwomba anikopeshe, na kwa hilo sikuhitaji kuazima neno kwa mtu yeyote.