Mgeni Mashine Apewe Kiti

Kwa miaka mingi, aliyeuliza namna ya kuchora chati mtiririko kwenye kompyuta alijibiwa kwa mkato: soma mwongozo. Mwongozo wenyewe sentensi mbili na picha ya toleo lililokwisha kufa. Binadamu ana akili, atajiju.

Sasa amekuja wakala wa akili mnemba, na watengenezaji programu wameshikwa na adabu ghafla. Mgeni anaandikiwa faili lake mwenyewe, AGENTS.md: amri hii kazi yake hii, mfano huu hapa, pale usiguse, ukimaliza hakiki. Mwaka 2024 mtaalamu wa akili mnemba, Jeremy Howard, akapendekeza hata tovuti ziwe na llms.txt, muhtasari safi usio na makorokoro, wa kusomwa na mashine.

Chukua Mermaid, zana iliyoanza 2014, inayogeuza maandishi kuwa chati. Andika «end» kwa herufi ndogo ndani ya kisanduku, chati nzima inavunjika. Andika «End», inapona. Onyo limo mwongozoni, ila wangapi walikesha kabla ya kulifikia? Wakala yeye atawekewa juu kabisa, asije akahangaika, maskini.

Na lugha yake? Nyepesi, hatua kwa hatua, haina majigambo. Kumbe kuandika walijua siku zote!

Basi, ndugu msomaji, ukikwama na programu usijisumbue na ukurasa wa msaada. Fungua faili la mashine. Hilo ndilo lililoandikwa kwa heshima.