Uainishaji wa Vyakula vya Kindu kwa Kituo Vinaposhukia

Wapishi huainisha vyakula kwa ladha, wachuuzi kwa bei, na wagonjwa kwa majuto. Mfumo tunaoupendekeza hapa una kigezo kimoja tu: chakula kinashukia wapi. Reli itokayo Kongolo inaishia Kindu, mji wa Kongo kando ya mto Lualaba. Anayekwenda Ubundu hupanda chombo cha Lualaba. Mwilini, Kindu ni utumbo mpana. Wenyeji wake ni bakteria kwa matrilioni, na riziki yao kubwa ni kile kilichofika mwisho wa reli.

Daraja la Kwanza: Washukao Mapema. Soda, sukari, mkate mweupe. Hawa humalizikia kwenye utumbo mwembamba, wakaingia damuni mbio mbio. Kindu hawajulikani hata kwa sura.

Daraja la Pili: Vigeugeu. Wali ukiwa moto, wanga wake karibu wote hushuka njiani. Ukipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya, vimeng'enya vikashindwa kuivunja, nayo ikafika salama. Hivyo kiporo kilichotunzwa vizuri kinapandishwa cheo, watoto wapende wasipende.

Daraja la Tatu: Wafikaji. Mkuu wao ni sombe. Kinu kimeitwanga, moto umeichemsha saa nzima na zaidi, mawese yameilainisha, na bado nyuzinyuzi zake hazijakubali kushindwa. Wenzake ni maharagwe, lengalenga, na mgeni kutoka nchi za baridi: oti. Mgeni huyu ana beta-glukani, ambayo majini hugeuka ute mzito. Ute huo hupunguza mwendo wa sukari na kunasa asidi za nyongo. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku husaidia kushusha kolesteroli. Ikifika Kindu, bakteria huichachusha ikawa asetati, propionati na butirati, na hiyo butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Gesi inayotokea ni ushuru wa kituo. Anayezidisha ghafla bila maji ya kutosha hulipa mara mbili.

Daraja la Nne: Wasafirio na Bakteria Wao. Mbege, pombe ya ndizi ya Uchagani, imo. Mihogo yetu ya bugali iliomba nafasi: bakteria waliichachusha ilipolowekwa, wakasaidia kuiondoa sumu. Ombi limekataliwa, kwani sufuria iliwamaliza wote wakiwa kazini.

Pingamizi. Wapo wanaodai oti ni bora kwa kuwa imetoka mbali na inauzwa ghali. Kamati, yenye mjumbe mmoja, imepima ushahidi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Kilimanjaro lililohusisha wanaume 77. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili, chenye ndizi, maharagwe na mboga, kwenda chakula cha kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za inflamesheni kuongezeka. Waliofuata njia ya kinyume, zikapungua. Sifa haikwenda kwa oti.

Azimio. Oti ikipatikana, iliwe. Isipopatikana, bakteria hawataandika barua ya malalamiko, mradi sombe na maharagwe vipo. Ama yule anywaye uji wa oti asubuhi, kisha mchana akasukuma sombe pembeni kwa kuwa ni chakula cha kijijini, huyo sayansi yetu imeshindwa kumwainisha.