Mjomba wa Ukutani

Mwanetu wa mwisho, aliye darasa la tano, aliamua kwamba nyumba yetu ya Pasua, mjini Moshi, imepungukiwa mjusi. Ukutani wapo tele, ila hao hakuwahesabu. Alitaka mjusi wa kuchagua, akae ndani ya sanduku la kioo. Kwenye simu ya mama yake alikuwa ameona mtoto wa Kimarekani amelaza begani mjusi wa madoa ya chui, ambaye kwao hasa ni Pakistan na Afghanistan, na ambaye sanduku lake hupashwa joto kwa umeme. Mama yake alipofika kwenye neno umeme, akaichukua simu yake. Katika nyumba ambayo pasi huwashwa kwa kikao, hakuna mjusi atakayeota moto kwa LUKU.

Akarudi na orodha. Wa kwanza alikuwa salamanda. Nilimjulisha kwa furaha kwamba Afrika kusini ya Sahara haina salamanda wa asili hata mmoja, hivyo hatuna pa kuanzia. Wa pili alikuwa kenge. Jirani yetu mfuga kuku alilisikia jina hilo kupitia dirishani, akaja kuuliza kwa upole kama kuna jambo tumekoseana.

Wa tatu alikuwa mjusi wa buluu wa Kimboza, na hapo nilituliza sauti, maana huyo ni Mtanzania mwenzetu. Anaishi Morogoro, katika msitu mdogo, kwenye mikadi. Dume lake ni buluu ya kung'aa, na uzuri huo ndio uliomponza: wakamataji walifikia kukata mikadi yenyewe ili wampate, wakamuuza Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulifunga biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaokamatwa porini, na mwaka huohuo serikali yetu ikazuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje.

"Kwani Morogoro ni kimataifa?" kijana akauliza.

Nikamwambia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kukamata mnyamapori hata kama hutavuka mpaka wa kata. Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani tumeelewana.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kibosho kumsalimia bibi yake. Wakati wa kurudi, Hiace ilikuwa imeshiba ndizi na watu, tukabanana siti ya nyuma, yeye amekumbatia begi la shule. Tulikuwa tumeanza kuteremka mama mmoja wa siti ya mbele alipojipapasa bega, akageuka, akatazamana na kinyonga.

Alikuwa dume la wale wa Mlima Kilimanjaro, wenye pembe mbili zilizochongoka puani. Alikuwa amejishikilia kwenye kitenge, jicho moja likimtazama dereva, jingine likimchunguza konda. Yule mama hakupiga kelele. Kelele walimpigia abiria wengine. Dereva alisimamisha gari akawa wa kwanza kutoka. Konda, mtu aliyekuwa akitusukuma ndani tangu Kibosho kwa "songa mbele, songa mbele," sasa alikuwa upande wa pili wa barabara akihesabu noti. Wazee wakasema kukutana na kinyonga safarini ni mkosi. Kijana mmoja akasema ukimsogelea hupasuka tumbo na watoto wakatoka. Mwanangu, ambaye nilimwona akifunga zipu ya begi polepole, akapaza sauti kumsahihisha kwamba wengi wao hutaga mayai ardhini. Ndipo abiria wote walipojua mwenye mzigo ni nani.

"Nilikwambia nini kuhusu mnyamapori?" nikamnong'oneza.

"Huyu si wa porini, baba. Ni wa kihamba cha bibi."

Mwanasheria wa kumjibu hakuwepo. Aliyekuwepo ni bibi mmoja mwenye mkongojo, ambaye alikwenda kwenye uzio wa masale ulio kando ya barabara, akachuma jani refu, akamnyooshea kinyonga. Mchagga akimletea mwenzake sale, anaomba msamaha, na anayeletewa hatakiwi kukataa. Kinyonga akalitazama jani kwa jicho moja, kisha kwa mawili. Akanyanyua mguu mmoja, akauyumbisha mbele, nyuma, mbele tena, akaushusha palepale alipoutoa. Hiace nyingine mbili zikasimama nyuma yetu zikipiga honi. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza kuhamia kwenye jani, bibi alimpeleka kwenye mibuni, na konda akatangaza kwamba kuchelewa huku kutalipiwa na mwenye begi. Nililipa.

Baada ya hapo tulikubaliana kuchagua miongoni mwa waliokwishajichagulia nyumba. Kila jioni taa ya barazani ikiwaka, mjusi kafiri mmoja hutoka nyuma ya mita. Hana kope, kwa hiyo hulamba macho yake kwa ulimi kuyasafisha. Hutembea dari kichwa chini kwa sababu ya vinyweleo vidogo mno vilivyo chini ya vidole vyake, wala hatumii gundi. Chakula chake ni mbu, nondo na kumbikumbi, na hadai LUKU. Mke wangu aliweka sharti moja. Mwanzoni alishikilia kwamba mjusi akidondokea mboga ni sumu. Sumu hana, ila kinyesi chake huweza kubeba salmonela, kwa hiyo sufuria zifunikwe na mikono inawiwe. Kijana akakubali, akampa mjusi jina la Mjomba, kwa kuwa huonekana chakula kikiwa tayari na hasemi ataondoka lini.

Ikafika Desemba, Wachagga wa Dar wakapanda nyumbani, na mjomba halisi akafikia kwetu. Tulikuwa mezani, machalari yamepakuliwa, sauti ya kijana ikatoka ukumbini:

"Mama! Mjomba amekunya tena kwenye pazia!"

Shemeji yangu akatua kijiko. Mke wangu akajitahidi kuokoa jahazi: "Si wewe, kaka. Ni yule mwenye mkia."

"Mkia hana," kijana akasema akiingia. "Ulikatika kwa fagio. Unaota mwingine."

Shemeji akaomba aonyeshwe. Akasimama chini ya taa muda mrefu, mikono nyuma, akimtazama wajina wake akikamata nondo mkubwa na kummeza pamoja na mabawa.

"Aisee, huyu walau anawapunguzia mbu," akasema aliporudi mezani. "Na mimi mnasema nina faida gani humu ndani?"

Mke wangu akamwongezea machalari.