Pilau ya Bila Ajali

Ukiwasikiliza wafanyakazi wa godauni letu hapa Changamwe, utadhani majumbani kwetu kuna vita. Huyu kidole kimebanwa na mlango wa choo chake. Yule kabati la mkewe limemwangukia mguuni. Mwingine kachubuka mgongo mzima, ati alikuwa akicheza na mtoto. Kazini, alhamdulillahi, haumii mtu. Tangu alfajiri twashusha magunia ya mchele, marobota ya mitumba na mapipa ya mafuta, foklifti zinatupita karibu na masikio, na jioni sote twatoka salama salimini. Tukishafika nyumbani tu ndipo milango inapotuvamia.

Siri ya muujiza huu ni pilau.

Pale getini pana ubao wa kijani unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Robo mwaka ikiisha ubao haujarudishwa sufuri, kampuni inachinja mbuzi, pilau inapikwa, na kila mtu anaondoka na unga na sukari. Ajali moja ikiandikwa, hakuna mbuzi wala sukari. Sasa niambie, nani mwenye moyo wa kwenda kuandikisha kidole chake huku godauni zima linamtazama?

Kuna kijana wa upakiaji aliyebanwa kidole gumba baina ya paleti mbili, zikiwa zimebaki siku chache mbuzi achinjwe. Ukucha uligeuka zambarau sote tukiuona. Wenzake hawakumpa pole. Walimzunguka, wakamwuliza kwa upole wa kutisha, "Kaka, si ulikuja nacho hivyo kutoka nyumbani?" Akafikiri kidogo, akakumbuka kwamba naam, alikuja nacho. Siku ya pilau yeye peke yake ndiye aliyeomba kijiko.

Wakubwa wetu wanaamini pilau ile inanunua usalama. Kinachonunuliwa ni ukimya, tena kwa bei ya jumla.

Haya, tuseme una roho ngumu na pilau huitamani. Iko fomu. Inakaa kwa karani, ambaye huwapo ofisini saa zilezile ambazo sisi tuko juu ya lori. Ina kurasa nne za Kiingereza cha mawakili, na inataka kujua kila kitu, hadi viatu ulivyovaa. Chini kabisa lazima supavaisa atie sahihi. Supavaisa ndiye aliyekwambia upande juu ya mzigo bila ngazi kwa kuwa lori limechelewa, na sasa ndiye shahidi, ndiye hakimu. Palipoandikwa chanzo cha ajali ana jibu moja tu, amelihifadhi kama mtoto wa chuoni: uzembe wa mfanyakazi. Palipoandikwa hatua iliyochukuliwa: mhusika ameonywa. Na mhusika akiwa kibarua wa kutwa, hata onyo halina haja. Kesho yake getini majina yanasomwa, lake halimo.

Ukimwambia supavaisa kwamba jambo fulani lingeweza kuzuilika, anashusha pumzi na kukukumbusha kwamba ajali haina kinga. Nami nakubali zipo zisizo na kinga. Lakini foklifti yetu ya bluu king'ora chake cha kurudi nyuma kimekufa tangu kabla ya Ramadhani, na kinga yake inauzwa dukani. Mzee anayeiendesha alisema kwa mdomo, akaambiwa aandike. Akaandikiwa na mwanawe, akaambiwa spea imeagizwa. Tangu siku hiyo, kila akirudi nyuma anapiga kelele mwenyewe: "Pii! Pii! Pii! Jamani, nyuma huko!" Akishikwa na mafua, sisi hutembea kwa dua.

Usidhani sheria imelala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu mkuu wake, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Inakataza pia kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia usalama. Mtu akifa kazini, ofisa wa serikali anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Haya yote tumebandikiwa ukutani, nyuma ya mlango wa stoo, mlango ambao mchana kutwa huachwa wazi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyohiyo inataka pawe na kamati ya usalama. Kamati tunayo. Wawakilishi wa wafanyakazi alituchagulia meneja, ili asitusumbue.

Mwaka jana tuliletewa mkufunzi kutoka Nairobi, na huyo sitamsema vibaya, maana alitusimulia jambo ambalo halijanitoka. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, safari nambari 514, ilikuwa ikielekea kutua uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Marubani waliyafahamu maelekezo kuwa wameruhusiwa kushuka chini, kumbe mbele yao pana mlima. Watu wote 92 waliokuwemo wakafa. Kinachouma ni kwamba wiki chache kabla yake, ndege ya United ilikuwa imeponea chupuchupu palepale, kwa utata uleule. Marubani wale walisema, na kampuni yao ikawatahadharisha marubani wake. Lakini hapakuwa na njia ya neno hilo kuwafikia watu wa TWA.

Ndipo mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha utaratibu wa kuripoti yaliyoponewa. Rubani hampelekei barua yake mwenye fimbo, yaani mamlaka ya usafiri wa anga. Anaipeleka NASA, nao hulifuta jina kabla ya kusambaza somo. Aliyekosea bila kukusudia, akawahi kuandika ndani ya siku 10, kwa kawaida haadhibiwi. Taarifa walizokwisha kupokea zimepita milioni moja. Kwetu hata zilizoponewa hazihesabiwi kuwa kitu. Gunia likikukosa kwa shubiri moja, unaambiwa una bahati, kaendelee na kazi.

Meneja alifurahi mno na habari za NASA. Alisimama baada ya chai na mahamri akaahidi kwamba nasi tutakuwa na mfumo wa kisasa, wa siri, usiotaja jina la mtu. Ukaja kweli, kwa namna mbili. Wa kwanza ni sanduku la maoni lenye kufuli, likatundikwa chini ya kamera. Aliyetangulia kutumbukiza karatasi aliitwa ofisini kesho yake, akaulizwa kwa heshima kama angependa kufafanua. Wa pili ni bango lenye kile kimchoro cha mraba cha kuskani kwa simu. Ni zuri, limepigwa rangi, nasi hulitazama kila siku. Simu zetu tunaziacha kwa askari wa getini, kwa amri ya meneja huyohuyo.

Mimi mambo ya NASA sitaki. Nataka nusu karatasi, kwa Kiswahili, yenye maswali matatu: umeona nini, wapi, lini. Asiyejua kuandika aseme, aandikiwe papo hapo. Apokee mtu asiyepanga zamu yangu wala kusoma majina getini. Kisha jibu libandikwe sote tulione: hatari iliyosemwa, nani anairekebisha, itakwisha lini. Watu hawaachi kusema kwa kuogopa tu, huacha pia kwa kuchoka. Yule mzee wa foklifti akiambiwa leo aripoti jambo jingine, atakuuliza la kwanza limefika wapi, na utakosa la kumjibu.

Ubao wa kijani nao ubadilishwe hesabu, uhesabu hatari zilizosemwa na zilizoondolewa. Mbuzi abaki, sina ugomvi naye, ila achinjwe pale kazi ya kurekebisha inapofanyika. Nawajua watu wetu. Kwa ajili ya pilau watavumbua hatari mpaka juu ya paa. Wacha wavumbue, tutachambua. Afadhali kuchambua uongo wa njaa kuliko kumzika mtu tukisema alikuja na ajali yake kutoka nyumbani.

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, anayeripoti kwa vitendo ni mmoja tu, bi mkubwa wa usafi ambaye sote twamwita Mama. Juzi lile pipa la pembeni lilivuja tena, mafuta yakatandaa kwenye mteremko wa kupakilia, pale ambapo vijana hupita mbio na gunia begani. Mama hakutafuta fomu wala hakusogelea sanduku. Aliichukua ndoo yake nyekundu, akaifudikiza katikati ya mafuta, akaikalia. Malori matatu yalisimama. Supavaisa akaja mbio.

"Mama, hebu ondoka hapo, tunachelewa!"

"Mwanangu, mimi nimeketi. Aje fundi."

Fundi alikuja, pipa likazibwa, mafuta yakamwagiwa mchanga na kufagiwa. Jioni supavaisa akaomba fomu kwa karani, na kwa mara ya kwanza tangu fomu zile ziletwe, moja ilijazwa kurasa zote nne, kwa mwandiko safi, ikatiwa sahihi na muhuri. Hatari iliyoonekana: ndoo njiani. Chanzo: uzembe wa mfanyakazi. Mafuta hayakutajwa.