Kikaratasi Kilichokula Bando

Mhasibu wetu hanisalimii tangu jana. Akipita mezani kwangu anakagua dari. Bando la ofisi la mwezi mzima lilikata siku ile ile liliponunuliwa, kabla ya chai ya saa nne, yeye akiwa katikati ya kutuma mishahara. Akatokea mlangoni, kalamu sikioni.

"Kaka, umepakua nini?"

"Programu ya kuandikia barua, dada."

Watu wakacheka, mpaka waliposikia neno mishahara.

Programu hiyo ni LaTeX, na kwenye Debian niliomba pakeji moja tu: texlive-full. Sasa, pakeji ya kawaida ina kitu ndani: programu, mipangilio, maelezo, pamoja na majina ya pakeji inazozitegemea. Metapakeji ni majina matupu. texlive-full ni mojawapo: nimeichungulia kwa dpkg -L nikakuta saraka ya nyaraka, hakimiliki na kumbukumbu za mabadiliko, basi. Uzito wake kilobaiti chache. Ni mgeni mwembamba anayepiga hodi peke yake, kumbe ukoo mzima umejibanza nyuma ya ukuta: vifaa vya Kijapani, Kikorea na Kigiriki, alama za muziki, hata vya kuchorea ubao wa sataranji. APT, kisakinishi cha pakeji, husoma orodha na kufuata kila jina, na jina nalo lina orodha yake, hadi diski inamezwa zaidi ya gigabaiti 5. Tena ni ufundi wa kupendeza: toleo jipya likija, watunzaji wanabadilisha orodha tu, nawe unaletewa kilichoongezwa bila hata kukijua jina.

Nikaifuta ili nirudishiwe nafasi. Zikarudi kilobaiti.

Kompyuta ya mapokezi, niliyoiondolea metapakeji ya linux-image-amd64 kwa kuwa nayo ni tupu, haijaletewa kernel mpya tangu hapo.

Wataalamu watasema APT hutaja ukubwa wa mzigo kabla ya kuupakua. Kweli, hutaja, halafu huuliza kama iendelee, na jibu lililowekwa tayari ni ndiyo. Ukigusa Enter tu, umekubali. Hilo ni jibu la mtu ambaye intaneti yake haina mita. Sisi tunaolipia kila megabaiti tungeweka hapana, na anayetaka ndiyo tungemdai aiandike kwa herufi kubwa, mbele ya mhasibu.