Kuruka darasa

Butembo, mashariki mwa Kongo, baba mfanyabiashara anaingia shuleni na buletini mkononi: asilimia 90. "Mwalimu, huyu aruke la nne, aende la tano moja kwa moja." Umri unapimwa, urefu unapimwa, mama anaulizwa kama mtoto bado analilia kubebwa. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, madarasa yamefurika. Mwalimu wa la nne hapingi sana, wa la tano ndiye anayekohoa.

Upande wa Beni hakuna haja ya vikao virefu hivyo. Tangu mauaji ya raia yalipoanza huko Oktoba 2014, watoto wengi wamerushwa mwaka mzima, wepesi kwa wazito, bila buletini wala sahihi ya mzazi. Tofauti ni kwamba wao wanarushwa kurudi nyuma.